Yuditha Isaka, Aliyewapikia Nzi Uji

Dada yetu Yuditha Isaka alizaliwa Kerenge, wilayani Korogwe, tarehe 9 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Isaka na mama yetu, Loveness. Ninayesoma ni Petro, mdogo wake. Tangu juzi nimekufa ganzi, hata kulia sijalia. Mnivumilie.

Alisoma shule ya msingi hapa Kerenge, sekondari Korogwe mjini, kisha chuo kikuu Morogoro, alikobaki kufanya kazi maabara. Alichunguza vile vijinzi vinavyofuata ndizi mbivu. Alipochanganya nzi wa aina mbili, watoto wa kiume walikufa wangali funza, wa kike wakapona. Jeni ya baba na jeni ya mama, kila moja nzuri kwao, zilipokutana ziligombana. Moja ilipoondolewa, hata wa kiume walipona. Nzi hao aliwapikia uji wa mahindi kila wiki, huku mumewe akilalamika kwamba yeye anakula kwa mama ntilie.

Mume huyo ni Mustafa Mhina wa Misima, Handeni. Walifunga ndoa bomani mwaka 2006, Msambaa Mkristo na Mzigua Mwislamu. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa njiti, akafariki kabla ya siku ya kunyolewa na kupewa jina. Ukweni hakuhesabiwa. Mwaka 2010 alizaliwa Yusra, mzima kabisa.

Sikukuu moja ya Idi pale Misima, Yuditha alieleza kazi yake. Mama mkwe, Bibi Zuena, akasema, "Kumbe! Wa kiume wanakufa, wa kike wanabaki. Ndiyo yenu hiyo, damu hazipatani."

Yuditha aliweka sahani chini. "Mama, wale ni nzi wa aina mbili. Sisi watu ni aina moja tu." Hakuwahi tena kuwataja nzi ukweni.

Mwaka jana aligundulika ana saratani ya matiti. Alifariki Korogwe, tarehe 14 Agosti 2025. Aliniomba yule mtoto wake wa kwanza atajwe leo. Nilikubali, ila sikujua nimtaje kwa jina gani.

Jana, ratiba haijachapwa, Bibi Zuena alifika kutoka Misima, akaketi mkekani na mama yetu, akaniita.

"Petro, mjukuu wangu umemwandika?"

"Shikamoo bibi. Hana jina."

"Anaitwa Sufiani, jina la babu yake. Mwandike."

Yuditha ameacha mume, mama mzazi, mama mkwe na mimi. Watoto wake ni wawili: Sufiani, aliyemtangulia, na Yusra, aliyekaa hapa mbele.

Pumzika dada. Tumemtaja.