Benchi la Nyuma ya Chumba cha Vioo

Mgeni rasmi, Bi. Jelimo, mwenyekiti mpya wa klabu yetu ya hoki ya barafu. Mchungaji, mwenye jengo hili. Akina mama, akina baba, na vijana mlioketi nyuma mkijifanya hamsikii Kiswahili:

KARIBU MALVERN

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako za Sandton ukaja Jumapili hii hapa Jules Street, Johannesburg, ambako gari lako limepata nafasi mbele ya duka la matairi kwa sababu tu Burhani, mlinzi wetu, amesimama pale tangu asubuhi akifukuza teksi. Tulipoambiwa mwenyekiti mpya ni mtu wa Eldoret, tulishangilia kama tumefunga bao. Mwenyekiti aliyetangulia alikuwa mtu mwema, lakini kila tulipomweleza jambo letu alitugawia kofia za klabu. Kofia tunazo za kutosha. Tulikosa mtu wa kutusikiliza katika lugha ambayo hatuhitaji kuitafutia maneno.

Tunaomba radhi mapema kwa jambo moja. Risala ya mashabiki ingefaa iandikwe na watu wanaouelewa mchezo. Sisi mchezo huu tumeutazama msimu mzima na nusu, na kwa kweli bado unatupita pembeni. Tutasema tu tulichokiona.

TULIVYOANZA

Sisi ni wasusi na mafundi cherehani wa Yeoville, wachuuzi wa Malvern, walinzi, na Wakenya wachache wa Sandton wanaotubeba kwenye magari yao. Wengi wetu tunatoka Bukavu, Uvira na Lubumbashi. Hakuna hata mmoja aliyekuja Afrika Kusini kutafuta barafu.

Aliyetuingiza ni Mama Léocadie, huyo aliyeketi mbele na kitenge cha bluu. Ni msusi. Mwanawe Gaël alikuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa barafu ulio ndani ya jengo la maduka, akiwakodishia watoto vile viatu vyenye chuma chini. Siku moja akavivaa mwenyewe, na baada ya miaka akachukuliwa na timu hii inayolipa mshahara. Baba yake, fundi Gaston, alitaka asomee uhasibu. Akamwambia mbele za wageni kwamba mtoto anayekwenda kupigana na watu juu ya maji yaliyoganda amekosa malezi, na kwake asirudi. Gaël akachukua begi lake. Tangu siku hiyo simu za mama yake hakuzipokea, na baba yake hakumpigia.

Mgeni rasmi, wewe ni mtu wa kwetu, unajua. Mtu haendi kupatanisha peke yake. Mama Léocadie alitwambia, "Mi naenda kumuona mutoto wangu, lakini siwezi enda mwenyewe." Basi kundi la maombi la akina mama likainuka, waume zetu wakatusindikiza, tukakata tiketi. Pale getini waliona vitenge vya sare wakauliza kama sisi ni klabu ya mashabiki. Hatukutaka kubishana na watu wa getini. Tulisema ndiyo, na umoja huu ukawa umezaliwa hapo.

MAFANIKIO

Tumejifunza kuvaa. Siku ya kwanza nje kulikuwa na jua la Januari, tukaenda na malapa. Ndani tulitetemeka mpaka Mchungaji akafupisha sala, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Tumejua pia kwamba mchezo una vipindi vitatu. Sisi ni watu wa mpira wa miguu, tunajua viwili. Kwa hiyo mwanzoni, kipindi cha pili kikiisha, tulikuwa tunasimama, tunaimba, tunashukuru, tunakwenda kupanda teksi. Mara moja tuliondoka tumefungwa tatu kwa moja, tukahuzunika njia nzima, na kesho yake tukasikia tumeshinda nne kwa tatu. Burhani mpaka leo anasema kuna mkono wa mtu.

Na tumeupa uwanja wimbo. Tukiuanza, upande mzima unasimama na kupiga makofi, wazungu kwa weusi. Hawajui kwamba ni wimbo wetu wa kupeleka sadaka mbele, nasi hatujapata nafasi nzuri ya kuwaambia.

YANAYOTUCHANGANYA

Hapa tunaomba uvumilivu wako, maana ni mengi.

Kile kidude cheusi wanachokipiga hatukioni. Tunamtazama kipa; akianguka na wenzake wakiinamisha vichwa, tunajua bao limeingia. Wachezaji nao wanaruka ukuta kuingia na kutoka bila refa kupuliza kipenga. Mwanzoni tulidhani wanasusa. Bwana Mwangi, ambaye ni mtu wa benki, alijitolea kutueleza sheria siku moja njiani, kuanzia taa za kwanza za barabarani za Jules Street, wanazoziita robot, mpaka uwanjani. Tuliposhuka tulikuwa tumechanganyikiwa kuliko tulivyopanda, na yeye pia. "Eish," akasema, "nilikuwa naielewa kabla hamjaniuliza."

Lakini kubwa ni ngumi. Kwetu watu wakishikana hata mlevi anaingia kuamua. Hapa wanaume wawili wanatupa glavu chini, wanakamatana kwenye shingo, na marefa wanasimama pembeni wakitazama mpaka mmoja aanguke. Watoto wanakula bisi. Akina mama wetu walipiga kelele waachanishwe, na watu wa viti vya mbele wakageuka kutupongeza kwa ushabiki wetu.

Mmoja wa wale wawili alikuwa Gaël. Baada ya ngumi akapelekwa kwenye chumba kidogo cha vioo kando ya uwanja, akafungiwa, akaketi kichwa chini. Mwangi alisema ni adhabu: wengine dakika mbili, waliopigana tano. Sisi tuliona kitu kingine. Mtu akiketi peke yake mbele za watu wote, ama ni mgonjwa ama amefiwa. Haachwi hivyo hivyo. Mama Léocadie akashuka ngazi, akaketi kwenye benchi lililo nyuma ya kile chumba. Kioo cha nyuma hakifiki juu, sauti inapita. Akazungumza na mwanawe mgongoni. Akamweleza nani ameolewa, nani amezaa, na kwamba chumba chake hakijapangishwa. Gaël hakugeuka, lakini hakuwa na pa kwenda. Mlango ulipofunguliwa akatoka, na mama yake akarudi kwetu akicheka na kulia. Kwa miaka miwili hakuwahi kumpata mtoto huyo amekaa kitako.

Tangu hapo tukawa tunakaa kwenye benchi hilo. Kwa bahati, Gaël alikuwa mkorofi. Kila mechi alifungiwa, na kila alipofungiwa mama alikuwapo.

SUALA LA CHAI

Tunajua umekuja na maelezo ya uongozi kuhusu jambo hili, nasi tungependa kutoa ya kwetu.

Ni kweli tulikwenda na chupa ya chai ya tangawizi. Ni kweli kikombe kilipitishwa juu ya kioo, pamoja na kitenge cha kujifunika mabegani. Yule mzee anayefungua mlango hakutukataza. Tulimpa na yeye. Gaël akakipokea. Hiyo siku aligeuka, mgeni rasmi. Alitutazama wote, mmoja mmoja, kisha akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba chai ni ya moto. Mama akamjibu, "Kunywa pole pole. Maliza."

Dakika zake zikaisha, mlango ukafunguliwa, na Gaël hakutoka. Kocha alipiga kelele, wenzake waligonga magongo ukutani. Yeye alikuwa anamaliza chai ya mama yake. Kidude kile kikaingia golini kwetu wakati huohuo, na mechi tukaipoteza kwa bao hilo.

Uongozi ulituita, ukasema tumeharibu mechi. Tulikubali tukaomba radhi, na tunaomba tena leo. Lakini tukuambie ukweli, tulipotoka ofisini tulisimama penye maegesho ya magari tukashindwa kujua tulie au tufurahi. Akina baba walihuzunika kwa ajili ya pointi. Akina mama walikuwa wanakumbatiana. Wengine walifanya yote mawili.

Tangu siku hiyo tumehamishiwa upande wa pili, juu kabisa, chini ya mitambo ya hewa ya baridi. Chai imekatazwa getini. Kutoka huko wachezaji wote wana helmeti na wote wanafanana. Mama Léocadie humtambua wake kwa namna anavyokuna shingo akisimama.

Kisha akaja kocha mpya, akamtuliza kijana. Gaël akaanza kucheza bila kugombana, na kila mtu akasema amekomaa. Sasa tuseme nini? Kwa mwaka mzima tumemwombea awe na tabia njema, na alipoipata, hatumwoni tena. Jumatano moja kwenye maombi tulimsikia mama mwenyewe akisema, "Bwana, umupunguzie ugomvi, lakini usiumalize wote." Tulisema amina, huku tukitazamana.

Halafu ikaja mechi ya wiki iliyopita. Gaël alikuwa mbali na kile kidude, hakuna aliyemchokoza. Akamwendea mtu wa upande mwingine aliyekuwa anafunga kamba za kiatu chake, akamsukuma akaanguka. Hata yule aliyesukumwa hakukasirika, alishangaa tu. Refa akamwonyesha chumba cha vioo, naye akaenda mwenyewe, upesi. Akaketi. Akageuka nyuma.

Kwenye benchi letu kulikuwa na familia moja inakula chipsi. Tulimwona, ng'ambo yote ile ya barafu, akiwatazama watu wale, akitazama kushoto, akitazama kulia. Mama Léocadie akasimama, akapunga mkono, akaita jina lake. Uwanja ulikuwa unaimba ule wimbo wetu wa sadaka kwa nguvu zote, na hakumsikia.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, hatuombi Gaël aadhibiwe. Wala hatuombi asiadhibiwe. Mambo hayo mtayamaliza na kocha wake. Tunaomba turudishiwe benchi letu, ili akifungiwa atukute. Kuhusu chai, tunaahidi haitakuwa ya moto sana, na kikombe kitakuwa kidogo.

Kijana akikosa uvumilivu akahama timu, hatutajua tena pa kumpata. Hapa Johannesburg hatujui mlango wake. Tunaujua ule mmoja tu, wa kile chumba.

Tulikuwa tumeandika kwamba tunahitaji nafasi zilezile za zamani. Tunaomba tuongeze moja. Jana jioni tulipokuwa tunaisahihisha risala hii nyumbani kwa Mama Léocadie, fundi Gaston alikuwa kwenye cherehani yake kama kawaida, mgongo umetugeukia. Hajawahi kuliulizia jambo hili hata siku moja. Tulipofika kwenye habari za chai akasimamisha cherehani. Akauliza, bila kugeuka, baridi ya mule ndani ikoje. Tukamwambia ni kali. Akauliza kama yule mtoto ana koti la kuvaa akiwa amekaa. Tukamwambia hana, anakaa na jasho lake. Akavua futi ya kupimia shingoni, akakaa nayo mkononi, kisha akatuuliza mabega ya mwanawe sasa yana upana gani.

Kutoka kule juu mlikotuweka hayapimiki.

Mungu akulinde barabarani ukirudi, akupe msimu mwema, na awape nyote katika uongozi masikio ya subira.

Ni sisi,
Umoja wa Mashabiki wa Benchi la Nyuma, Yeoville na Malvern.
Imesomwa kwa niaba ya wote na Marthe, katibu.