Shangazi na Magari Mawili ya Ndugu Wawili

Tarehe thelathini Juni, Shangazi, fundi wetu mkuu wa injini, anastaafu baada ya kuitumikia gereji hii kwa miaka thelathini na mmoja. Hana undugu na yeyote hapa, lakini hakuna ambaye hajawahi kukaripiwa naye kishangazi, mimi mpiga rangi nikiwa wa kwanza.

Aliingia kama msafishaji wa vipuri. Baadaye akawa anashusha injini, na leo kuna mafundi wenye gereji zao waliopitia mikononi mwake. Kasoro yake ni moja: kila kikombe chetu cha chai kina alama ya grisi ya kidole gumba chake, hata vile vya wageni.

Tunajivunia mengi yake, ila hili la magari mawili linayapita yote. Wenye gereji ni kaka na mdogo wake, na kila mmoja ana gari la kispoti la zamani. La kaka ni jekundu: silinda sita, lita tatu, nguvu za farasi mia moja na hamsini. La mdogo ni jeupe: silinda nne, lita moja na nusu, farasi tisini, lakini jepesi mno. Ubishi wa lipi ni bora ulianza kwa mzaha, ukaishia ndugu kutosalimiana. Mwishowe yakaletwa matofali ya kujenga ukuta katikati ya gereji, nasi tukaanza kujiuliza nani atabaki bila kazi. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Shangazi alichukua spana.

Aliyapima yote mawili. Kwenye barabara iliyonyooka, jekundu lilifikia kilomita mia kwa saa kwa sekunde tisa, jeupe kumi na tatu. Kwenye kona za kilimani jeupe lililiacha jekundu mbali, na breki zake zilishika upesi zaidi. Kila ndugu akashikilia matokeo yanayompendeza. Shangazi akasema hatoi hukumu mpaka kila mmoja aendeshe la mwenzake.

Kaka alirudi na jeupe akijifanya anakohoa ili kuficha tabasamu. Mdogo alirudi na jekundu, akamwendea kaka yake moja kwa moja. Klachi ya gari hilo ni nzito, na goti la kaka lilikuwa bovu mwaka mzima. Mdogo alikuwa akimwona anachechemea, akidhani ni maringo.

"Kaka, na goti hilo, klachi hii unaikanyagaje?"

"Kwa ubishi tu, mdogo wangu."

Walikuwa hawajasemezana kwa miezi mitano. Wiki ile Shangazi aliilainisha klachi, na matofali tukayajengea sehemu ya kuoshea magari. Tulipomuuliza kwa nini hakuilainisha mapema, alijibu kwamba hakuna aliyemwomba. Hatumwamini hata kidogo.

Hukumu hajaitoa hadi leo, na hakuna anayeidai.

Shangazi, ahsante kwa kutuacha tukiwa gereji moja. Tunakuombea afya, utulivu na asubuhi zisizo na haraka. Wale wawili waligombea nani akufikishe nyumbani, tukaingiwa na hofu. Lakini magari yao yana viti viwili tu, kwa hiyo wamekubaliana kukupeleka pamoja, kwa lile lori letu la kuvuta magari mabovu, wewe ukiwa katikati yao.