Harrison Mwakio na Udongo wa Kaburi la Mama

Ndugu yangu marehemu Harrison Mwakio hakuja kumzika mama. Naanza hapo. Natasha, binti yake, ndiye anaandika nikiongea, na ameniambia, "Auntie, you can't start with that, watu watakuwa wanalia." Nimemwambia andika, walie wakijua.

Mama yetu Mghoi alizikwa Jumamosi tarehe 16 Mei 1998 nyumbani Mgange, huko Taita. Kwa boma letu mtoto wa mwisho, na huyo ni Harrison, ndiye hutia udongo wa kwanza. Jeneza limeshuka, mchungaji ananiangalia mimi, mimi naangalia barabara. Mwisho mchungaji akasema tuendelee, wanaume wakashika majembe. Harrison alikuwa huku Marekani, Minneapolis, anajiandaa kwa mtihani wa mwisho wa shahada yake. Mtihani wa vitenzi vya Kipashto. Alipopiga simu aliniambia, "Dada, pole sana. Imetokea tu."

Nikamwambia, "Mvua ndiyo hutokea, Harrison. Wewe ulibaki." Nikakata.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1959, mtoto wa mwisho wa mama. Mimi Jedidah ndiye nilimbeba mgongoni, na ndiyo sababu sikumaliza hata darasa la tatu. Alichelewa kuongea. Tulidhani ni bubu, kumbe alikuwa anasikiliza. Siku alipofungua mdomo alimsahihisha baba.

Alisoma shule ya msingi Mgange, sekondari Wundanyi, halafu chuo kikuu Nairobi. Alifundisha Kiswahili Voi miaka michache, na mwaka 1990 akaja Minnesota kusomea lugha. Wengine walikuja kusomea unesi wakajenga nyumba. Yeye akachukua lugha ya Waafghani, watu ambao alikuwa hajawahi kula nao.

Kazi yake niieleze, maana hakuna mtu hapa aliyewahi kumuuliza. Alinieleza mimi bila kuulizwa. Alisema, "Dada, sisi tunapiga kila kitu. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga chafya. Nani amempiga nani? Neno la pili ndilo lenye maana, piga ni mbeba mizigo tu." Wapashto nao wako hivyo hivyo. Wanachukua neno la kitu au la hali, halafu wanalifunga kwa "kufanya" au kwa "kuwa". Alinipa mfano wa *jor*, maana yake kitu kizima, kilicho sawa. Ukisema *jor* na kufanya, umetengeneza, umejenga. Ukisema *jor* na kuwa, kimetengenezeka, mgonjwa amepona. Na kuogelea kwao ni kupiga, kama sisi na mbizi. Hilo lilimfurahisha kuliko mshahara.

Halafu kuna jambo alilolisomea miaka yote ile. Hayo maneno mawili, wakati kazi bado inaendelea, mara nyingi yanashikana yanakuwa neno moja. Kazi ikishaisha, yanaachana. Kila moja linasimama peke yake, na neno la kukana linaweza kuingia katikati.

Nikamwambia, "Kama watu wa Minnesota."

Hakucheka. Alisema, "Ndiyo, dada. Kama hao."

Alifundisha Kipashto chuoni Saint Paul hadi darasa likafungwa mwaka 2014. Muhula wa mwisho alikuwa na mwanafunzi mmoja, na huyo mmoja alishikwa na mafua. Harrison akaenda vilevile, akaandika vitenzi ubaoni, akavifuta, akapanda basi akarudi kwake Columbia Heights.

Alifunga ndoa na Serah mwaka 1992, kanisani Saint Paul. Serah alikuwa mwanamke mzuri na ndiye aliyeniambia ukweli: chuo kingemwahirishia ule mtihani, watu wakifiwa huahirishiwa. Harrison hakuuliza. Walimpata Natasha mwaka 1994. Serah alifariki mwaka 2016, na baada ya hapo ndugu yangu alikuwa anaongea Kipashto na jiko lake. Majirani wa ile apartment walidhani ana wageni. Laiti wangekuwa wageni. Sisi Wakenya hatukwenda. Tulikuwa na overtime, tulikuwa na harusi za watu. Aliyekwenda ni Mzee Zalmay, yule pale nyuma mwenye kofia, ambaye ana duka la mikate. Alikuwa anamsahihisha Harrison vitenzi huku anafunga mikate kwenye karatasi, na Harrison anambishia. Fikiria, Mtaita anambishia Mpashto Kipashto! Mzee akimfukuza, kesho yake anampigia simu kumuuliza mbona hajaja.

Mimi nilikuja Blaine, huku huku Minnesota, mwaka 2008, kwa mwanangu Duncan. Jumapili ya kwanza Harrison akaja kunisalimia. Alivua viatu mlangoni kama kila mtu, kwa sababu sitaki theluji ya mtu kwenye nyumba yangu. Nikamkalisha sebuleni, nikamletea chai kwenye sinia, na kitambaa. Ndugu wa tumbo moja haletewi chai kwenye sinia. Huingia jikoni akajimiminia, akalalamika sukari ni kidogo. Alielewa. Alikunywa, akashukuru kama mgeni. Kila alipokuja ikawa hivyo. Akinyanyuka kurudisha kikombe namwambia, "Keti, mgeni." Duncan aliniambia, "Mama, umeshamwadhibu mtu vya kutosha." Nikamwambia udongo haujatiwa.

Februari mwaka huu wa 2024 madaktari walipata kansa kwenye kongosho. Alitibiwa Saint Paul. Alipungua mpaka saa ikawa inateleza mkononi. Mwisho wa Oktoba alilazwa, na Mzee Zalmay akaja na mkate wa moto ndani ya koti, akamwambia, "*Jor she*." Yaani pona. Harrison akafungua macho akaniangalia, akasema, "Umesikia, dada? Maneno yameachana. Anataka nipone mara moja, niishe kabisa kupona." Akacheka mpaka akakohoa. Alifariki Jumapili tarehe 3 Novemba 2024, alfajiri. Nilikuwa nimeshika mguu wake, maana mikono ilikuwa imejaa mipira ya dawa.

Ameacha binti yake Natasha na wajukuu wawili wanaosikia Kiswahili lakini wanajibu Kiingereza. Ameacha mimi dada yake, mpwa wake Duncan, na Mzee Zalmay, ambaye nimesema asimame na familia, na asiyependa aje aniambie mimi.

Sasa nimalizie lile nililoanza nalo.

Julai mwaka huu, daktari alimkataza kusafiri. Harrison hakubishana naye. Alimwambia Natasha akate tiketi. Walifika Mgange, akaita ukoo wote uwanjani kwa mama, akasimama kwenye kaburi na suti inayomning'inia. Miguu yangu haisafiri tena, kwa hivyo niliona kwa video, Natasha alinipigia. Hakusema imetokea. Alisema, "Mama, mimi ndiye niliyebaki. Hakuna aliyenizuia. Nilitaka mtihani kuliko nilivyotaka kukuzika." Watu wakanung'unika. Akapiga magoti, akachota udongo kwa mikono miwili, akautia. Halafu akashindwa kuinuka, Natasha akamwinua.

Nilizima simu.

Walirudi tarehe 9 Agosti. Kutoka uwanja wa ndege hakwenda kwake, alikuja Blaine moja kwa moja. Nikafungua mlango. Alikuwa amevaa viatu vilevile vya kaburini, vimeganda udongo mwekundu wa kwetu mpaka kwenye kamba. Akaegemea ukuta, akainama avivue, na mgongo ukamkatalia.

Nikamwambia, "Acha. Ingia navyo."

Akaniangalia. Akapita sebuleni bila kuketi, akaacha alama nyekundu kwenye zulia la Duncan, akaingia jikoni. Nikasikia kabati linafunguka. Nikasikia chai inamiminwa.

"Jedidah," akaita, "hii sukari mnaificha wapi?"

Lala, ndugu yangu. Udongo wako tutautia sisi, na tumekuja wote.