Masale Katikati ya Migomba Yangu

Shikamooni, wazee. Akina mama mnaocheka kule nyuma, nawaona, na wala sijaanza.

Mnajua mume wangu alinifia kabla kahawa yetu ya hapa Akheri haijazaa vizuri. Nikabaki na watoto, migomba na njaa. Nikaenda kuchuma kwa setla, Mwingereza yule wa bondeni. Ndugu zangu, kahawa ya setla haiivi peke yake! Inaiva pamoja na yangu. Mimi nilijaza madebe yake, huku kwangu kahawa inapukutika chini na magugu yananifika kiunoni.

Jioni moja nikarudi, nikakuta masale yamepandwa mstari katikati ya migomba yangu. Sale likipandwa ni mpaka, sote tunajua. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, amesimama pale na jembe.

"Shemeji, shamba limekushinda," akaniambia. "Nusu hii inarudi kwenye ukoo. Wewe kazi yako iko kwa mzungu."

Mnadhani nililia? Thubutu! Wanangu wangekula wapi? Niliyang'oa masale yale yote mbele ya macho yake. Akapiga kelele kwamba anayeng'oa mpaka anajitakia laana.

"Mpaka wa mume wangu uko kule kwenye mfereji," nikamjibu. "Huu ni wizi wako, naung'oa!"

Asubuhi nyapara wa setla akapita kutukusanya. Nikamwambia, "Kahawa yangu imeiva. Ya bwana wako ingoje." Jirani yangu, aliyekuwa anakwenda huko huko kwenye kibarua, akasikia. Akageuza njia na kikapu chake, akaingia shambani kwangu. Wenzake wakamfuata. Tulipalilia, tukachuma, tukaimba. Kisha tukahamia kwake, na kwa mwingine, mpaka kahawa yetu sote ikaisha mitini.

Ndipo tukashuka kwa setla, kundi zima. Nyapara alifoka, we! Lakini kahawa haichumwi kwa kufoka. Akatugawia madebe, tukachuma.

Akina mama mlioacha kibarua siku ile, na nyumbani kwenu mlikuwa na njaa kama mimi, asanteni sana. Wanangu wanakula kwa sababu yenu. Na wengine nawaambia: kibarua si aibu, nendeni. Ila chumeni kwenu kwanza.

Na shemeji? Juzi alikuja na jani la sale mkononi, kuomba radhi kama desturi yetu. Sale halikataliwi, nikalipokea. Msamaha nimempa. Shamba, hapana.