Kigae Kimoja, Hakipo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu, uliyerithi kiti changu pamoja na kelele zake, walimu wenzangu wa zamani na wa sasa, wafanyakazi wa ofisini na jikoni, wazazi, wanafunzi mliobanana kule nyuma, na wewe, Bi Mizani, fundi wetu wa maabara, ambaye leo ndiyo siku yako ya kuagwa: nawasalimu nyote. Mniwie radhi nikizungumza nimeketi. Miguu yangu imestaafu kabla yangu.

Ratiba imenipa dakika tano. Daktari naye amenipa muda wake. Hakuutaja, lakini niliona alivyolifunga faili langu polepole, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Basi nisipoteze dakika hata moja.

Bi Mizani ametumikia shule hii miaka thelathini na mmoja. Jina hilo walimpa wanafunzi, kwa kuwa hajawahi kupima kitu mara moja tu. Nani hapa hajawahi kumrudishia chupa, akamwona anaiinua dirishani, anaizungusha, anatafuta ufa, ndipo aseme, "Haya, asante mwanangu"? Hata mimi, mkuu wa shule, nilirudisha bika siku moja nina haraka zangu, akaniita nikiwa nimeshafika mlangoni.

"Mkuu, subiri kwanza. Ufa hauna cheo."

Nilicheka. Laiti ningeyabandika maneno yale ofisini kwangu.

Miaka kumi na mmoja iliyopita niliingia kwenye biashara ya vidonge. Walimu wa wakati ule mnakumbuka: kapsuli za kijani, zilizosafisha damu, zikaponya figo, na ukiwa na subira zikakuletea na bahati. Kabla hujauza hata kimoja, unanunua maboksi yako mwenyewe. Kisha unapewa karatasi uandike majina mia moja ya watu unaowajua. Niliyajaza yote mia kwa jioni moja, nikajiona tajiri wa watu. Kumbe nilikuwa nawaaga.

Wanafunzi, hapa nisikilizeni vizuri, maana mwakani au mwaka wa pili atawafuata mtu mliyempenda, na atakuja anatabasamu. Je, niliingiza chochote kwa kuuza kapsuli? Karibu hakuna. Niliingiza kwa kuleta watu, nao waliingiza kwa kuleta watu, na hakuna aliyethubutu kuuliza yule wa mwisho atamleta nani, ilhali shule nzima, ukichanganya na mtaa, haikuwa na watu wa kutosha. Ukiuliza bidhaa ni nini ukaonyeshwa picha ya gari la mtu, ondoka. Ukiambiwa uamue leo kabla nafasi hazijaisha, ondoka. Na ukiambiwa usimweleze mama yako kwanza kwa sababu yeye "hana maono," mwanangu, usiondoke tu: kimbia, ukamweleze mama yako.

Siku moja, baada ya kipindi cha mwisho, Bi Mizani alichungulia ofisini kwangu.

"Mkuu, una dakika mbili?"

"Za kununua au za kusikiliza?"

"Za kuangalia."

Alinipeleka maabara, akafunga mlango. Juu ya meza palikuwa na kigae cheupe cha vishimo sita, kile tunachotumia kupimia vyakula. Kwenye vishimo viwili palikuwa na unga. Kimoja, alisema, ni unga wa mahindi kutoka jikoni. Kwenye kingine alikuwa amefungua kapsuli yangu. Akadondosha iodini, tone moja huku, tone moja kule. Vyote viwili vikageuka rangi ya wino, buluu inayokaribia weusi, na kila mtoto wa kidato cha kwanza anajua maana yake ni wanga.

"Mkuu, nionyeshe ipi ni dawa."

Nilikiinamia kigae, nikatazama kishimo kimoja, nikatazama kingine.

Akasema, kwa uangalifu wake ule ule, "Sisemi hamna kingine humo ndani. Nasema wanga umejaa, na kwenye boksi hawakuuandika. Nimekuita peke yako kwa sababu walimu wamekufuata wewe. Sitalitangaza mimi. Utalitangaza mwenyewe."

Niliinua kile kigae, nikakisuuza kwenye sinki mbele yake, nikakitia mfukoni mwa koti langu. Nikatoka. Hakunifuata.

Kwa miaka yote tangu kampuni ile ilipofunga ofisi yake na kung'oa kibao usiku mmoja, nimewaambia, na nyie mmenihurumia, kwamba na mimi nilitapeliwa. Ndugu zangu, si kweli. Nilitapeliwa mpaka siku ile ya iodini. Kuanzia hapo, kwa miezi minne, nilijua. Nilibakiza watu wachache nipande ngazi, niitwe jukwaani, nivishwe utepe. Kwa ajili ya utepe, mtu mwenye shahada mbili.

Siku ya tisa baada ya kile kigae nilimwingiza mdogo wangu wa mwisho, fundi cherehani. Alisitasita. Akaniuliza, "Kaka, wewe mwenyewe umehakikisha?" Nikamjibu, "Mdogo wangu, mimi ni mwalimu." Akauza cherehani yake ya pili. Tulipomzika mama yetu, alisimama upande wa pili wa kaburi, na mpaka leo nikimpigia, simu inaita mpaka inakata.

Na wewe, Bi Mizani, nilikufanyia nini? Kwenye mikutano yetu ya Jumamosi tulifundishwa kwamba anayekukatisha tamaa ni mwizi wa ndoto, na mwizi hukai naye. Niliwaambia walimu kuwa una kijicho. Mkuu wa shule akisema, nani atabisha? Wakaacha kukuachia kiti kwenye chumba cha walimu. Ukabeba chupa yako ya chai na kikombe kimoja, ukawa unakunywa maabara, kwenye stuli, kati ya mitungi. Nilikuwa napita dirishani nakuona. Miezi ikapita, kampuni ikafa, aibu ikatushika wote, na hakuna aliyekuja kukuita. Ukaendelea kunywa chai yako kulekule hadi wiki iliyopita. Ulikuwa na neno moja tu la kusema ili urudishiwe kiti chako, na hukulisema, kwa sababu ulikuwa umeahidi kuwa nitalisema mimi.

Sasa upweke ule nimeujua. Nyumba yangu ina vyumba vinne na kikombe kimoja kinachooshwa. Nikimpigia simu mwanafunzi wangu wa zamani nimjulie hali tu, nasikia anasubiri nitaje kinachouzwa. Na nikikata, sijui kama aliamini kwamba hakuna.

Naomba mtu anishikie kipaza sauti. Asante.

Kila mwisho wa mwaka Bi Mizani aliandika orodha ya vifaa vya maabara, na mimi, mpaka nilipostaafu, ndiye niliyeitia sahihi. Kila mwaka, katikati ya mabika na mirija, palikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wake ulionyooka: kigae cha vishimo sita, kimoja, hakipo. Hakuandika kimevunjika. Hakuandika nani. Nilikuwa natia sahihi chini yake na kugeuza ukurasa upesi.

Nimeambiwa kesho asubuhi anamkabidhi funguo fundi mpya, na kwamba orodha imeshaandikwa, na ule mstari bado umo. Mtu asiyepoteza kitu miaka thelathini na mmoja anaondoka na upungufu mmoja, nao ni wangu.

Hiki hapa. Kimekaa kwenye droo ya meza yangu, kimefungwa kwa kitambaa. Mwalimu Mkuu, tafadhali mfikishie, mimi sitafika mpaka pale alipo.

Bi Mizani, sikuombi unisamehe mbele za watu, maana mbele za watu ni vigumu kukataa. Nakuomba urekebishe orodha. Andika: kimepatikana. Na pale pa aliyekuwa nacho, usipaache wazi tena. Andika jina langu lote, na cheo changu cha wakati ule.

Naona amevaa miwani. Amekiinua kwenye mwanga wa dirisha. Anakizungusha.

Kikague, mama. Chukua muda wako, sisi tutasubiri.

Ndugu wageni, nawashukuru kwa masikio yenu.