Masizi ya Sufuria

Katika lori la kwenda kijiji cha Usevya, Marsela alipakata sufuria aliyoisugua kwa majivu na mchanga hadi kitako kikang'aa kama kioo. Alikuwa anakwenda kuishi kwa mama mkwe, na mama yule sifa zake zilijulikana: hupindua kwanza sufuria za mkwe, salamu baadaye.

Telesphor, mwalimu wa elimu ya watu wazima, aliyeketi kwenye gunia kando yake, akasikitika. "Dada, umejitesa bure. Kitu cheusi hunywa joto la moto, kinachong'aa hulirudisha. Acha masizi hapo chini, wali utaiva upesi na kuni utaokoa."

"Mwalimu, mama mkwe haulizi habari za kuni. Anauliza nimelelewa na nani."

"Mwambie ni sayansi."

"Nimwambie uchafu wangu ni sayansi?"

Lori zima likacheka. Hata hivyo Marsela aliwaza: kuni za Usevya atazibeba yeye, si mama mkwe. Akalainika kidogo.

"Na kwako, mwalimu, sufuria zina masizi?"

Lori likafunga breki Usevya, mwalimu akainuka kwenye gunia lake.

"Zinang'aa," akasema. "Mimi na mke wangu tunaishi na mama."