Mkaguzi Aliyekataa Kuitwa Daktari

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Mei 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mlinzi wa ghala na mama mshonaji. Alizaliwa asubuhi, mashine za kiwanda zikianza kunguruma. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu hakulia. Aligeuza shingo huku na huku kama anayekagua chumba. Huenda hadithi hiyo ilitiwa chumvi kadiri miaka ilivyokwenda, lakini waliomfahamu hawakupata taabu kuiamini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, ng'ambo ya barabara ya kiwanda, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana. Mama yao alifariki mwaka 1980, wakati yeye akisubiri matokeo ya mtihani na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, ana miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa na zamu za usiku. Basi dada ndiye aliyechukua bati la vifungo la marehemu mama yake, akalimwaga mkekani, akamfundisha mdogo wake kugawanya na kuzidisha kwa vifungo. Alihitimu cheti cha ualimu mwaka 1983, na alipoajiriwa alimchukua mtoto huyo akaishi naye katika chumba kimoja cha kupanga. Jioni alisahihisha kwanza daftari la mdogo wake, ndipo akashika ya wanafunzi wake. Katika chumba kile neno la dada halikuwa na rufaa. Mtoto yule alikua akawa mwalimu wa hesabu, na wanafunzi wake wakampa jina la Kipeo, ambalo hata mkewe analitumia.

Marehemu alifundisha jiografia kwa miaka kumi na mitatu, katikati akienda chuo kikuu na kurudi na shahada mwaka 1994. Mwaka 1996 aliteuliwa kuwa mkaguzi wa shule, na kuanzia hapo mtaani, nyumbani na hata kanisani alijulikana kwa jina la Mkaguzi. Kazi hiyo ilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Hakuridhika na makaratasi. Aliingia darasani akahesabu madirisha, akazunguka kuona vyoo, akafungua kabati la maabara kutazama kama chupa zina vumbi. Wenzake husimulia siku alipokagua shule moja ya binafsi, akapitisha kidole juu ya dawati lililochorwa ndege kwa wino.

"Mwalimu mkuu," alisema kwa upole, "huyu ndege nilimwona jana, shule ya jirani. Amehamia lini?"

Madawati yalikuwa ya kuazima.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi wa friji, ambaye alikuja kutengeneza friji ya maabara ya shule na akarudi mara tatu bila kuitwa. Fundi hupenda kueleza kwamba kabla ya kukubaliwa alitembelewa karakana yake, akaulizwa mbona nyaya zimelala sakafuni. "Nilikaguliwa," husema, "nikapita kwa masharti." Mungu aliwajalia mtoto wa kike na wa kiume. Waliishi pamoja miaka thelathini na saba, na nyaya hazikulala tena sakafuni.

Yanayofuata marehemu mwenyewe aliagiza yasifichwe. Alikuwa akiyasimulia kila mwaka kwa wakaguzi wapya, nao wakidhani ni mfano tu wa darasani, kumbe ni mzigo wake.

Mwaka 2011 Kipeo, akiwa na shahada ya uzamili na watoto watatu, alitamani kusomea uzamivu katika elimu. Kuacha kazi hakuweza, na kwenda kukaa ughaibuni ndiyo kabisa. Alitafuta chuo cha kusomea mtandaoni, ambacho ada yake mwalimu anaweza kuilipa kidogo kidogo na shahada yake haitamfanya achekwe. Alikipata kimoja, cha nchi ya mbali. Kilimkubali, kikampunguzia ada kwa mkupuo ule wa wanafunzi tu. Kabla ya kujibu, alimpelekea dada yake akikague.

Mkaguzi alikikagua kwa namna aliyoijua. Alitafuta anwani ya chuo kwenye ramani ya simu, akaikuza picha ya mtaa ule mpaka ikaonyesha jengo lenyewe. Chini kulikuwa na duka la viatu. Juu yake ghorofa moja, madirisha manne, kibao kidogo chenye jina la chuo. Hakuona uwanja wala maktaba, wala ukumbi wa mihadhara. Akapiga simu kwa Kipeo.

"Chuo gani kinakaa juu ya duka la viatu?" alimwambia. "Achana nacho. Watakula hela yako halafu wahame na kibao chao."

Kipeo alisema, "Sawa, dada," akaachana nacho. Hakubisha. Tangu lini neno la dada likabishiwa?

Miaka miwili baadaye marehemu alihudhuria semina ya wakuza mitaala. Mtoa mada alikuwa mama mmoja aliyejua kazi yake barabara, na kila alilosema lilikuwa na utafiti nyuma yake. Wakati wa chai Mkaguzi alimwuliza alikosomea. Mama yule akataja chuo kile kile. Akaeleza kwamba kina ithibati ya baraza la vyuo vikuu la nchi yake, kwamba hata baraza la hapa kwetu linakitambua, na kwamba msimamizi wake alikuwa akimrudishia kila sura imejaa wino mwekundu. Mkaguzi akauliza juu ya jengo. Mama akacheka. "Jengo la nini, mwalimu? Sisi wanafunzi tumetapakaa dunia nzima. Pale juu wanakaa makarani sita na mashine zao."

Marehemu aliiweka chai mezani bila kuimaliza. Alikuwa amekipima chuo kisicho na darasa kwa kuhesabu madirisha. Swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza, la nani amekipa ithibati, hakuliuliza. Aliona viatu akafunga faili.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mdogo wake akamweleza yote akiwa amesimama, kwani alikataa kiti. Kipeo alimsikiliza, akacheka, akasema hakuna shida, mambo ya zamani hayo. "Mimi nimeshiba, dada. Uzamili unanitosha." Kisha akamwuliza kama friji yao mbovu inaweza kupata nafasi kwa shemeji. Lakini jambo lile lilikataa kutoka rohoni mwa marehemu. Punguzo la ada lilikwisha na mkupuo wake, watoto wa Kipeo walikuwa wameingia sekondari, na kila aliposikia "nimeshiba" alisikia mtoto wa chumba kile cha kupanga akijibu kwamba hana njaa ili dada naye ale.

Ndipo alipoanza kumtafutia chuo kingine. Kwa miaka mitatu fundi wa friji alikula chakula cha jioni na mwanamke mwenye kompyuta mezani. Alikutana na vyuo vya kila rangi. Vingine vilikuwa vya kuaminika lakini ada yake ingejenga nyumba. Vingine vilikuwa rahisi mno, uzamivu wa miezi sita usio na tasnifu, na kimoja kilimpongeza kwa kuhitimu kabla hajajaza fomu. Alipokiuliza nani atakuwa msimamizi, kikajibu kwamba hilo litajulikana baada ya malipo. Alijifunza kuuliza kama ithibati inatambuliwa na nyumbani, kama ada iliyotangazwa ni ya mwaka au ya muhula, na kama mtihani wa tasnifu una malipo yake ya pembeni. Aliomba kuzungumza na waliohitimu, na chuo kilichokosa hata mhitimu mmoja wa kuzungumza naye alikifuta. Walimu wa wilaya nzima wakaanza kumletea majina ya vyuo. Wapo wanne kati yenu hapa leo mnaoitwa madaktari kwa sababu alitazama kabla hamjalipa, na wapo wengi zaidi ambao hawakutapeliwa.

Kila chuo kizuri alimpelekea Kipeo. Kila kimoja Kipeo alikikataa. Mwishowe, mwaka 2016, Kipeo alimwambia, nusu utani, "Dada, kama unautaka hivyo, soma wewe. Mimi utanimaliza."

Akasoma. Na kati ya vyuo vyote alivyovijua, alikwenda kuomba kile cha juu ya duka la viatu. Watu walidhani ni kwa sababu ya ada. Mumewe alijua ni adhabu. Uzamili alikwisha kuupata akiwa mkaguzi; huu aliusoma miaka mitano huku akiendelea na kazi, akaandika juu ya walimu walioacha masomo ya juu kwa kushauriwa vibaya, na msimamizi wake, mzee mkali mwenye sauti ya taratibu, alimrudishia sura ya pili mara nne. Siku moja msimamizi alimweleza kwamba duka la viatu limefungwa, sasa wanauza mapazia. Marehemu alisikitika kama aliyefiwa na jirani. Mwaka 2021, mwaka huo huo aliostaafu, alitetea tasnifu yake sebuleni mbele ya skrini, amevaa suti juu na kandambili chini, na wasahihishaji watatu wakampitisha. Mumewe, aliyekuwa jikoni akijifanya anaosha vyombo, aliangusha sufuria kwa furaha.

Lakini hakukubali kuitwa Daktari. Aliyemwita hivyo alikuwa kama ameongea na ukuta. Kibao alichochongewa na wakaguzi wenzake alikigeuza uso ukutani. Binti yake alipombana, alisema, "Nimekalia kiti cha mtu, mwanangu. Mtu haringi kwenye kiti cha mtu."

Mwezi Agosti 2024 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi kwenye ngazi. Madaktari wakasema ni moyo umepanuka. Aliingia na kutoka hospitali, na kuanzia tarehe 11 Januari 2025 hakutoka tena. Kipeo alikuwa akija kila siku baada ya vipindi, chaki ikiwa bado kwenye mikono ya shati.

Wiki ya mwisho ya mwezi huo, mumewe akiwa amekaa upande wa pili wa kitanda, marehemu alianza tena, kwa sauti ya kukatika. Chuo chake kimefungua maombi. Ameulizia habari za umri, hawana tatizo. Fundi aliinamisha kichwa akingojea lile jibu la siku zote. Lakini safari hii Kipeo hakucheka. Alikiweka chini kikombe cha maji alichokuwa amekishika.

"Niliumia, dada," alisema.

Marehemu akamgeuzia uso.

"Mwaka mzima niliumia. Hata leo, nikipita duka la viatu lolote mjini, naangalia juu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ungejisikia vibaya."

"Kwani nilijisikiaje?" Akavuta pumzi. "Halafu?"

"Halafu ikapita. Sasa hata wakinipa bure sitaki. Nitasoma saa ngapi, na vijana wangu wa mtihani wananingoja?"

Marehemu alimtazama kwa muda, kama alivyokuwa akitazama dawati, akitafuta kama jibu hili nalo limeazimwa. Miaka yote alikataa kuamini kwamba jambo lile limepita, kwa sababu hakuna aliyekubali kwamba liliwahi kuwapo. Sasa lilikuwa limetajwa, na mwenye nalo yuko mbele yake.

"Haya," alisema. Uso wake ulilegea.

Kipeo akakichukua tena kikombe. "Kunywa maji, Daktari."

"Nani kakuruhusu?"

"Mimi. Kiti kilikuwa changu, na ruhusa ni yangu. Kunywa."

Akanywa yote. Kesho yake alimwomba binti yake amwite muuguzi wa zamu, arekebishe jina kwenye faili, kwamba linaanza na Daktari. Muuguzi akauliza, daktari wa nini? "Wa elimu," alijibu. "Dawa zenu endeleeni nazo wenyewe." Muuguzi akaandika. Mkaguzi akaomba faili asome mwenyewe kama limeandikwa sawa.

Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, saa moja na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Kipeo alikuwa darasani. Alimaliza kuandika mstari alioanza ubaoni, akafuta mikono, akaja.

Ameacha mume, fundi wa friji; binti, mhasibu; mtoto wa kiume, mpishi wa hoteli; mkwe mmoja, wajukuu watatu, na mdogo wake Kipeo pamoja na mkewe na watoto wao. Ameacha pia walimu aliowafundisha kuuliza kabla ya kulipa.

Waliokwisha kutazama jalada la ratiba hii wameona neno lililotangulia jina lake. Familia haikulitia kwa kujipendekeza. Ruhusa ilitolewa na mwenye kiti, na mwenyewe alilikagua akalipitisha.

Daktari, kazi ya ukaguzi imekwisha. Pumzika kwa amani.